Matanga ya Mpira, Mtaa wa Lintmill

Jumapili, 26 Februari 1984

Daftari hili lilikuwa la Effie, mke wangu. Mbele ameandika mishono ya sweta na maagizo ya muuza maziwa. Mimi naanzia nyuma, kwa hiyo tukienda hivi tutakutana katikati.

Daktari aliniambia mtu anayekaa peke yake lazima aongee. Nikamwambia naongea sana, wa kujibu ndiye hayupo. Akasema basi andika. Shule niliiacha nina miaka kumi na minne nikaingia kiwandani, kwa hiyo atakayesoma na akaona makosa, ayapige pasi mwenyewe.

Mvua. Goti la kushoto lilijua tangu jana.

Jumanne, 28 Februari

Waskoti wamewafunga Wales mbili kwa moja kule uwanja wa Hampden. Nimesikiliza redioni. Miaka yote Murdo wa nyumba ya pili angegonga ukuta kwa kisigino cha kiatu: ko, ko, kisha kimya, kisha ko moja. Matokeo hayo, kana kwamba mimi sina redio. Leo nimekaa na sikio ukutani mpaka likapoa.

Alhamisi, 1 Machi

Mvua. Nimekula mkate.

Jumapili, 4 Machi

Leo niandike jambo lenyewe, maana nalizunguka kama paka na samaki wa moto.

Mimi ni Walter Entwistle, Mwingereza wa Lancashire, fundi wa mitambo ya kufumia. Nilikuja hapa Inverdarrow mwaka arobaini na sita kutengeneza mitambo ya kiwanda cha kitani, kazi ya wiki sita. Nikamwona Effie Baxter anabeba nyuzi. Wiki sita zimekuwa miaka thelathini na minane. Nyumba kumi na mbili za Mtaa wa Lintmill, kumi na moja ni za Waskoti na moja ni yangu. Jina langu huku halikuwahi kutumika. Niliitwa Mwingereza. Watoto waliozaliwa hapa wamekua na kuzaa wakidhani ndiyo kabila, kazi na ubatizo wangu.

Kila mwaka Uingereza na Uskoti wanacheza, na kila mwaka mtaa huu unaweka matanga. Alianzisha Murdo, kaka yake Effie, mwaka arobaini na tisa au hamsini, na mambo ya kipuuzi yakishaanza hayana wa kuyazuia. Upande ulioshindwa umefiwa. Waskoti wakishinda, jioni ile ile mtaa mzima unapanga foleni mlangoni kwangu, wanaume na tai nyeusi, wanawake na kofia za kanisani, nyuso ndefu kama za farasi, mikononi pai za nyama na biskuti za siagi. Natoka kizingitini, kichwa wazi. Wa kwanza ni Murdo.

Anasema: "Pole kwa msiba, shemeji."

Najibu: "Asante. Walicheza vizuri kipindi cha kwanza."

Naye anamalizia: "Cha pili wakakosa pumzi."

Kisha anaingia ndani na kula pai zangu zote. Ni maneno hayo hayo kila mwaka, hayapungui wala hayaongezeki, na atakayecheka kabla ya kuvuka kizingiti anaosha vyombo.

Uingereza wakishinda, mimi navaa tai na kwenda peke yangu, mlango kwa mlango, nyumba kumi na moja, na kila nyumba lazima wanipe kitu cha kunywa. Mwaka wa sabini na tano, tulipowafunga tano kwa moja, nyumba ya tisa walinirudisha kwa toroli.

Na Effie? Effie alikuwa Mskoti katika nyumba ya Mwingereza. Wakishinda kwao, alikuwa anatoka kimyakimya kwa mlango wa jikoni, amevaa kofia yake nyeusi, anazunguka nyuma ya nyumba, anasimama mwisho wa foleni. Zamu yake ikifika ananipa mkono: "Pole, baba mwenye nyumba." Kisha anaingia kuchemsha chai kama hakuna kilichotokea. Hatukujaliwa watoto. Siku ile moja kwa mwaka nyumba yetu ilijaa mpaka ngazini.

Alifariki tarehe kumi na tisa Januari. Mapafu. Vumbi la kitani humkaa mtu kifuani miaka ishirini, halafu linadai nafasi yote.

Siku ya mazishi mtaa ulipanga foleni. Tai zile zile. Kofia zile zile. Pai zile zile. Mbele kabisa Murdo, kucha zake bado na buluu ya rangi za kiwandani, ameshika kofia, uso wake umepasuka kama kikombe.

"Pole kwa msiba, shemeji."

Ulimi hauna mfupa. Miaka thelathini na zaidi nimesikia maneno hayo kwa mdomo huo, katika mlango huo. Ulimi ukajijibia wenyewe:

"Asante. Alicheza vizuri kipindi cha kwanza."

Nyuma yake mtu alicheka, akaziba mdomo. Murdo alinitazama. Alifungua midomo, akaifunga. Akavaa kofia, akageuka, akaondoka. Kanisani alikaa upande wa pili. Makaburini alishika kamba ya jeneza bila kuniangalia. Tangu siku hiyo hajanitamkia hata "afya" nikipiga chafya.

Haya, limeandikwa. Halijawa jepesi. Daktari arudishe pesa za wino.

Jumamosi, 17 Machi

Ina Petrie wa namba tano ameleta supu ya shayiri. Ina huyu ndiye alikuwa na ulimi mkali kuliko wote. Mwaka juzi aliniambia uso wangu ungefaa kufukuzia ndege shambani, lakini tatizo ndege wana moyo dhaifu. Leo amesimama mlangoni, mikono juu ya aproni:

"Habari za asubuhi, Bwana Entwistle. Unalala vizuri?"

"Ina, mbona unaniita kama wakili?"

"Ni adabu tu, Bwana Entwistle."

"Adabu umeitoa wapi? Umeazima?"

Hakucheka. Alinigusa mkono akaondoka. Mtaa mzima ndivyo ulivyo sasa. Nikiingia baa, maneno yanapungua sauti na mtu ananiachia kiti karibu na moto. Mimi niliyekuwa nakaa karibu na choo kwa sababu ya mababu zangu. Sijui kama mtu amewahi kufa kwa kuheshimiwa, lakini naona inavyoanza.

Supu ilikuwa na chumvi kidogo. Nimeila nimesimama.

Jumatano, 4 Aprili

Uingereza moja, Ireland ya Kaskazini bila. Nilishangilia ukutani kwa makusudi, nikagonga ko moja kubwa. Hakuna jibu. Labda amelala. Saa tatu za usiku, eti amelala.

Ijumaa Kuu, 20 Aprili

Siku ya kupanda viazi. Kati ya bustani yangu na ya Murdo kuna ua wa miti. Kila mtu hukata upande wake. Juu hukatwa na aliyefiwa mwaka ule, kwa mkasi mmoja tulionao, ambao ni wangu, na Murdo anao tangu Oktoba. Mwaka jana Uingereza walishinda Wembley mbili bila, kwa hiyo juu ni kazi yake. Hajagusa. Ua unapanda. Mwezi Machi nilimwona mabega akiwa bustanini. Leo nimeona kofia tu, inakwenda na kurudi juu ya majani kama bata kwenye bwawa.

Nikapaza sauti: "Viazi vya mwaka huu ni vya Kiingereza. Vitaota vimesimama wima."

Kofia ikasimama. Nikangoja. Kofia ikaenda.

Nimepanda mistari minne. Effie ndiye alikuwa anatupa mbegu, mimi nachimba. Mtu mmoja akifanya yote mawili, mgongo unauliza mwenzako yuko wapi.

Jumatano, 2 Mei

Wales wametufunga moja bila, kule kwao Wrexham. Wales. Zamani hata kwa kipigo kama hiki wangekuja wawili watatu, si matanga kamili, kama arobaini ndogo tu. Nilivaa tai. Nikafungua mlango wa mbele nikauacha wazi, nikachemsha birika kubwa. Alipita mbwa wa namba kumi. Alinitazama, naye pia kwa heshima.

Nikafunga mlango chai ilipopoa.

Jumatano, 9 Mei

Nimesikia baa. Walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini nami najifanya nasoma gazeti; masikio yangu ndiyo kiungo pekee ambacho hakijastaafu. Mashindano haya ya majirani wanne, Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini, ni ya mwisho mwaka huu. Wakubwa wa mpira wa London na wa Glasgow walishaamua: yamechosha, hayaingizi watu. Yalianza mwaka 1884, kabla baba yangu hajazaliwa. Miaka mia moja kamili, halafu basi. Wanasema sisi na Waskoti tutaendelea kukutana kwa mpango mwingine. Ahadi ya mkubwa ni kama mwavuli wa karatasi.

Muuza baa akasema, "Na yale matanga ya Lintmill je, mwaka huu?"

Ina akamjibu, "Nyamaza wewe. Utaendaje na tai ya mzaha kwenye nyumba ambayo tai ya kweli haijakauka? Hata wakishinda kumi, hakuna atakayekanyaga pale."

"Na Murdo?"

"Murdo hataki hata kusikia."

Niligeuza ukurasa. Lilikuwa tangazo la koti za mvua. Nililisoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo sasa najua. Nilidhani nangoja Waskoti washinde. Mzee mzima wa Lancashire, kila usiku naomba nchi yangu ipigwe, ili tu mtu mmoja agonge mlango wangu na kunitukana. Mungu kama ni Mwingereza, amechanganyikiwa. Na kumbe hata wakishinda, haji mtu.

Jumamosi, 19 Mei

Uchokozi. Nimechukua shuka, nimelichora msalaba mwekundu wa bendera ya Uingereza kwa rangi ya mlango iliyobaki, nimelitundika dirisha la juu, linaonekana mpaka kituo cha basi. Kisha nikakaa kizingitini kungoja mawe.

Ina alipita, akaangalia juu.

"Shuka limetakata, Bwana Entwistle. Hilo doa jaribu chumvi na maji baridi."

Alisema kwa dhati. Nikaingia ndani nikalala mchana.

Jumanne, 22 Mei

Wales na Ireland ya Kaskazini, moja kwa moja. Ua umenifika kimo. Kofia haionekani.

Ijumaa, 25 Mei

Nimepiga pasi tai. Sijui kwa nini.

Nimefungua kabati la Effie kutafuta kitambaa cha kuweka chini ya pasi. Kofia yake nyeusi iko pale, ndani imejazwa karatasi isipoteze umbo. Niliivaa. Ilinikaa vibaya. Nikaivua, nikairudisha, nikafunga kabati kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Jumamosi, 26 Mei

Naandika jioni, na wiski haijafunguliwa, maana bado nangoja sababu ya kuinywa.

Nilikaa na redio mezani, kiti kimesogezwa ukutani. Upande wa pili nilisikia redio ya Murdo, kituo kile kile, mtangazaji yule yule, ila yake imechelewa kidogo kama mwangwi. Watu wawili, ukuta mmoja, mpira mmoja.

Waskoti wakatangulia. Kichwa. Hampden ikanguruma mpaka glasi yangu ikatikisika. Nilishika pumzi nikisikiliza ukuta. Alipokuwa mzima wa akili Murdo angegonga hadi plasta inadondoka. Kimya. Lakini nilisikia kiti chake kikikwaruza sakafu.

Kabla ya mapumziko Waingereza wakasawazisha. Shuti la mbali, mguu wa kushoto. Niliinuka, nikavua kiatu, nikagonga: ko. Moja. Nilikuwa nadaiwa na mila.

Kipindi cha pili sikumbuki. Watu ishirini na wawili walikimbizana nami nilikuwa nahesabu maua ya karatasi ya ukutani. Filimbi. Moja kwa moja. Sare.

Sare haina mila. Mara ya mwisho walitoka sare kule Hampden ilikuwa mwaka wa sabini, na jioni ile kila mtu alikaa kwake, hakuna aliyefiwa. Hata Effie alilalamika: kofia imepigwa brashi bure. Kwa hiyo mchezo wa mwisho wa miaka mia umekwisha hivi, na mila yenyewe inaniambia: kaa ndani, Mwingereza.

Nikakaa. Chai ikapoa. Nikaanza kuvua tai.

Ndipo ukuta ukasema: ko.

Moja tu. Ya Uskoti. Imechelewa karibu saa mbili.

Nimeweka sikio tena. Hakuna zaidi. Nalala nikiwa na tai shingoni, maana fundo nimelifunga vizuri na sina uhakika kama mikono itaweza tena kesho.

Jumapili, 27 Mei

Gazeti la asubuhi lina jedwali. Nimelisoma mara tatu kwa miwani mbili. Timu zote nne zina pointi tatu. Zote. Miaka mia moja ya kupigana mateke, na mwisho wake wote wako sawa kama meno ya kitana. Ikabidi wahesabu tofauti ya mabao. Ireland ya Kaskazini wa kwanza, kombe ni lao na halirudi. Wales wa pili. Uingereza wa tatu. Uskoti wa mkia.

Nikaweka gazeti chini. Nikalichukua tena. Kama kombe limechukuliwa na watu wa Belfast, basi sisi hatujatoka sare. Sisi tumefiwa, mimi na Murdo, wote wawili, nyumba mbili msiba mmoja.

Nikapiga brashi viatu. Pai sina, nikachukua nusu mkate na jemu. Nikafungua mlango wa mbele, nikashuka ngazi, kichwa wazi, nikiwa nimekariri neno la kumwambia.

Murdo alikuwa getini kwangu. Tai nyeusi. Kofia mkononi. Chini ya kwapa pai ya nyama iliyofungwa kwa gazeti lile lile, jedwali juu. Amekonda. Miezi minne nimemwona kofia tu, sikujua kwamba chini yake mtu anapungua.

Tukasimama. Nani aanze? Wote wafiwa, wote wageni. Nikaona midomo yake inatafuta.

"Pole kwa msiba, shemeji," akasema.

Niliuma ulimi, kwa kweli, kwa meno.

"Jibu basi," akasema.

"Siwezi, Murdo. Mara ya mwisho nilipojibu nilikupoteza."

"Umedhani nilikukasirikia wewe?"

"Ulivaa kofia ukaondoka. Ulitaka nidhani umekumbuka birika jikoni?"

Akaitazama pai. "Wewe ulisema la kwako. La kwangu lilikuwa limeshafika hapa." Akagusa koo. "Lile la pumzi. Lilikuwa kwenye meno, shemeji. Dada yangu amekufa kwa kukosa hewa, jeneza liko nyuma yako, na mimi ningelisema. Bado neno moja tu litoke. Nikakimbia mdomo wangu mwenyewe. Na kila nikitaka kuja kwako, nalisikia linangoja."

Miezi minne nilikuwa namfungulia kesi, namhukumu, namfunga, namwachia, namfunga tena. Kumbe alikuwa upande wa pili wa ukuta, ameketi na neno mdomoni kama mtu aliyeng'ata moto.

"Basi tulitoe," nikasema. "Yeye mwenyewe angecheka. Na angetuoshesha vyombo sote wawili."

Nikasimama wima, nikashika mkate kama kofia.

"Asante, shemeji. Alicheza vizuri kipindi cha kwanza."

Gari la maziwa lilipita mtaa wa chini, chupa zikagongana.

"Cha pili akakosa pumzi," akasema Murdo. Kisha akaongeza, kitu ambacho hakijawahi kuongezwa tangu mila ianze: "Lakini hakutoka uwanjani."

Sitaandika tuliyofanya baadaye pale getini. Wazee wawili wa miaka sabini na ushei, jemu ilimwagika, basi.

Ina alitoka namba tano na kofia ya kanisani.

"Nani amekufa tena?"

"Sisi," Murdo akasema. "Belfast wamechukua kombe."

Ina akatazama gazeti, akatutazama sisi, akatazama dirisha langu la juu. Nikaona kitu kinarudi usoni mwake polepole, kama taa ya gesi.

"Wa tatu kati ya wanne," akaniambia. "Na hilo shuka lako, Mwingereza, ni aibu kwa mtaa. Nimelivumilia wiki nzima kwa sababu ya marehemu. Lishushe kabla sijapanda na moto."

Sijatukanwa vizuri hivyo tangu Krismasi. Nilimwomba arudie.

Jumatatu, 28 Mei

Murdo amerudisha mkasi. Butu. Nimemwambia amekatia nini, reli? Amesema amekata kucha za Mwingereza aliyemkuta bustanini.

Juu ya ua kuna ubishi. Sote wafiwa, kwa hiyo kila mtu akate nusu. Yeye amekata kutoka nyumbani mpaka nguzo ya katikati, akaacha pale pale, hata jani moja la ziada hakugusa. Kimo chake na changu havilingani. Ua sasa una ngazi.

Kupitia upande aliokata naiona kofia yake, na chini ya kofia kichwa, na kichwa kinasema kwamba viazi vyangu vimelala.

Daftari limebakiza kurasa tatu nifike kwenye sweta za Effie. Murdo ananiita huko nje. Hizo tatu naziacha wazi, kati yangu na Effie.